Kujitolea Ugenini

Kujitolea ni neno fupi, lakini maana yake ni ndefu. Mtu akitoa mali, aweza kuichuma tena. Akitoa ushauri, akili yake haipungui. Bali mtu ajitoaye mwenyewe hutoa siku zake, na siku iliyokwisha kupita hairudi. Kwa sababu hii mataifa yote humheshimu mtu wa namna hiyo. Na kwa sababu hiyo hiyo yafaa tuulize, wewe msomaji na mimi, ni jinsi gani siku hizo zitolewe ili zisipotee bure. Nataka kuzungumza nawe juu ya kujitolea ugenini, yaani kwenda kukaa katika nchi ya watu, kufanya kazi pasipo mshahara, na hasa ile kazi ya kukusanya vijana wa mahali katika shughuli za jamii na utamaduni. Nilifanya kazi hiyo kwa mwaka mmoja, na mengi katika nitakayoyasema niliyaona kwa macho.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Watu wengi huifahamu methali hii kwa tumbo. Siku ya mgeni huchinjwa kuku, na watoto wa nyumba, ambao siku hiyo wangalilala na mchicha, nao huonja nyama. Uponyaji huo ni wa kweli, wala haudharauliki. Lakini uko uponyaji mwingine. Mgeni anapobisha hodi, mwenyeji huitazama nyumba yake kama kwamba hajapata kuiona. Huona ufa wa ukuta aliokuwa ameuzoea. Huona pia sinia nzuri ya marehemu bibi yake, iliyofunikwa vumbi uvunguni mwa kitanda. Mgeni hakuleta udongo wa kuziba ufa, wala hakuileta sinia. Amekuja na macho yake tu. Nami nasadiki kwamba katika kazi ya kujitolea ugenini, macho ya mgeni yana faida kuliko mzigo wake, ikiwa mgeni mwenyewe ana adabu ya kuyatumia.

Desturi ya vijana kuvuka mipaka kwa kazi za kujitolea haijatimiza umri mrefu. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mswisi mmoja aliyeitwa Pierre Cérésole alikusanya watu wachache wa mataifa mbalimbali katika kijiji cha Esnes, karibu na Verdun, nchini Ufaransa. Mizinga ilikuwa imekifanya kijiji hicho vifusi. Miongoni mwa watu wale walikuwamo Wajerumani, ambao miaka miwili nyuma walikuwa maadui wa nchi ile, na sasa walishika koleo na nyundo kusaidia kuijenga. Mwaka 1958 Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha huko Uingereza shirika la VSO, na mwaka 1961 Rais John F. Kennedy wa Marekani aliunda Peace Corps. Kenya, baada ya kupata uhuru mwaka 1963, ilipokea vijana wengi wa aina hiyo, na wako wazee wetu ambao walisomeshwa hesabu na sayansi na vijana hao.

Yote hayo yalikuwa mema. Walakini tazama, ewe msomaji, njia ile ilielekea wapi. Kwa miaka mingi ilielekea upande mmoja kama mto: kutoka nchi tajiri kwenda nchi maskini, kutoka kaskazini kuja kusini. Mtu angaliweza kudhani kwamba Mungu aliwagawia watu wa upande mmoja mikono ya kutoa, na watu wa upande wa pili mikono ya kupokea. Ujerumani ilianzisha mwaka 2008 mpango uitwao weltwärts, na mwanzoni nao ulikuwa ni wa kuwapeleka vijana wa Kijerumani ng'ambo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2013 mlango ulifunguliwa upande wa pili, vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wakaruhusiwa kwenda Ujerumani kujitolea. Kwa mlango huo nilipita mwezi wa Septemba mwaka 2016.

Nilipokuwa nikiaga kwetu Malindi, watu walicheka. Mzee mmoja, jirani yetu, aliniuliza, "Mjukuu wangu, tangu lini mwenye kiu akamchotea maji mwenye kisima?" Nilimshika mkono nikanyamaza, kwa kuwa si adabu kubishana na mzee juu ya safari ambayo hujaisafiri. Lakini swali lake nilikwenda nalo, na kwa mwaka mzima lilikuwa rafiki yangu.

Nilipelekwa katika mji mdogo kando ya mto Saale, katika jimbo la Sachsen-Anhalt, mashariki ya Ujerumani. Barabara zake zilikuwa safi, taa za umeme hazikuzimika, na maji ya bomba yalikuwa baridi na matamu. Kwa mtu apitaye kwa gari moshi, mji ule haukupungukiwa na kitu. Lakini kaa mahali mwezi mmoja, ndipo mahali pale patakuambia siri yake. Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, na nchi mbili za Kijerumani zikaungana tarehe 3 Oktoba 1990, viwanda vingi vya upande wa mashariki vilifungwa. Vijana walifunga mizigo wakaenda magharibi kutafuta kazi. Jimbo lile lilikuwa na watu karibu milioni 2.9 mwaka 1990. Nilipofika mimi walikuwa kiasi cha milioni 2.2 tu. Hesabu kama hiyo ni nyepesi kuisoma kitabuni, lakini ni nzito kuiona kwa macho. Niliiona katika shule iliyofungwa kwa sababu watoto hawakutosha, madirisha yake yamepigiliwa mbao, na majani yameota uani mahali pa kuchezea mpira. Niliiona katika wazee walioketi madirishani kutwa, wakitazama njia ambayo watoto wao waliipita kwenda na hawakuipita kurudi.

Tena mwaka 2015 watu wapatao 890,000 walifika Ujerumani kutafuta hifadhi, wengi wao wakitoka Syria, Afghanistan na Iraq. Baadhi yao waliletwa katika mji ule. Basi mji ukawa na watu wa namna tatu: wazee walioachwa, vijana waliobaki huku wakitamani kuondoka, na wageni waliofika pasipo kuuchagua. Walikutana dukani na kituoni, wakapishana. Hawakuwa na ugomvi wa waziwazi. Walikuwa na kimya, na kimya cha jirani kwa jirani ni ugonjwa usioonyesha homa mpaka umekwisha kukomaa.

Hapo nilianza kulijibu swali la yule mzee wa Malindi. Kisima kilikuwapo, tena maji yake yalikuwa tele. Kamba ya ndoo ndiyo iliyokuwa imekatika. Nikafahamu kwamba mwenye kisima naye aweza kushikwa na kiu.

Nilifanya kazi katika nyumba ya vijana. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, yenye chumba cha michezo, jiko, na karakana ndogo ya useremala. Sheria za kazi ile zilinipa chakula, malazi na posho ndogo ya mfukoni, wala si mshahara. Zilinipa pia siku 25 za semina katika mwaka, ambazo tulikutana na wajitoleaji wenzetu tukafundishana. Kazi yangu ya kila siku haikuwa na fahari. Nilifagia, niliosha vyombo, nilipanga viti, nikawasaidia watoto wadogo katika hesabu zao za jioni. Usiidharau kazi ya fagio, msomaji wangu. Mtu asimamaye jukwaani husikilizwa, lakini mtu afagiaye huambiwa. Vijana ambao hawakumjibu mkubwa wa nyumba zaidi ya ndiyo na hapana walikuja wakaketi mezani wakati ninaposuuza vikombe, wakanieleza habari za baba aliyekosa kazi, na za ndugu aliyehamia Hamburg asiyepiga simu.

Lugha yao ilikuwa ngumu, lakini sikukata tamaa. Nilianza na maneno mawili niliyokuwa nayo tangu utotoni pasipo kujua asili yake. Neno letu "shule" ni lao, Schule, na "hela" ni Heller, sarafu waliyoitumia zama walipoitawala nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Nilipowaambia vijana kwamba mamilioni ya Waafrika hutamka maneno yao kila siku, walistaajabu. Wengi wao walikuwa hawajui kwamba babu zao walipata kufika kwetu, wala walifika kwa kazi gani. Jioni ile tulifungua ramani, nasi hatukuifunga hata saa tatu za usiku. Adabu za maamkizi nazo zilitupa mazungumzo. Kwao mtu humpa mkono mkubwa wake na kumtazama machoni, na asiyetazama hudhaniwa kuwa anaficha jambo. Kwetu mtoto huamkia "shikamoo" na kuinamisha macho. Lakini wao pia wana neno moja la "wewe" kwa rafiki na lingine kwa mtu wa kuheshimiwa. Heshima ilikuwako pande zote mbili, imevaa nguo mbalimbali.

Sasa nitakueleza juu ya shughuli mbili tulizozifanya, kwa kuwa maneno matupu hayavunji nazi.

Ya kwanza ilikuwa bao. Wakubwa wa nyumba walitamani niandae usiku wa Kiafrika, wenye ngoma na mavazi ya rangi rangi. Nia yao ilikuwa njema. Lakini nilijiuliza: watu watakuja, watatazama, watapiga makofi, kisha watakwenda kulala. Kesho yake nani atakuwa amemjua jirani yake? Tena mimi si mpiga ngoma. Kitu nilichokijua ni bao, nililofunzwa na wazee chini ya mwembe. Nikaomba tuchonge bao. Vijana walichora mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, juu ya ubao wa mti uitwao Linde, ambao ni laini na hupendwa na wachongaji wa huko. Patasi tulikuwa nazo, lakini hapakuwa na mtu wa kutuonyesha jinsi ya kuzinoa. Msichana mmoja alikumbuka kwamba mzee wa mtaani kwao alikuwa seremala kabla kiwanda chake hakijafungwa. Tulikwenda kumbishia hodi. Alikataa mara ya kwanza, akasema nyumba ya vijana ni ya vijana. Siku ya tatu alikuja mwenyewe, na jiwe la kunolea mfukoni.

Kete zilitushinda kidogo. Kwetu hutumia komwe, na komwe hazioti kando ya Saale. Tukatwaa lozi za porini wazionazo huko wakati wa majani kupukutika, tukahesabu 64, idadi ya kete za bao. Lakini kila jioni zilipungua, kwa maana aliyeshindwa alijifariji kwa kuzila. Hatimaye tulishuka mtoni tukaokota vijiwe. Siku bao lilipowekwa mezani, kijana mmoja wa Syria, ambaye kwa wiki nyingi aliketi pembeni na kofia yake usoni, alisimama akasema kwa sauti, "Manqala!" Kwao Halab babu yake alikuwa na ubao wa safu mbili za mashimo saba saba, na jina lake latokana na neno la Kiarabu la kuhamisha, ambalo limetupatia sisi "nakili". Kuanzia siku ile kofia ilipanda juu. Nilifundisha namua na mtaji, naye akafundisha mchezo wa kwao. Mzee seremala, ambaye kwa kweli alikuja kunoa patasi tu, alishindwa na mtoto wa miaka kumi na mitatu. Basi alirudi kila Jumatano ili alipize kisasi.

Zingatia jambo hili. Mimi nilileta mchezo, lakini mchezo haukuwa ndio faida. Ubao ulikuwa wao, patasi zilikuwa zao, fundi alikuwa wao, na babu wa Halab alikuwa wa yule kijana. Bao lilikuwa ni sababu tu ya watu kuketi meza moja bila kulazimika kutafuta maneno.

Ya pili ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Katika mwezi wa Oktoba, nilipokuwa nikifagia ghala, niliona sanduku la taa za karatasi, zenye vijiti vya kushikia. Nilizihesabu, zikawa arobaini. Niliuliza ni za nini. Vijana waliinua mabega. Mmoja alidhani ni za sikukuu ya zamani, na mwingine alisema bibi yake anajua. Nikawaomba wakamwulize, nami nikaenda pamoja nao katika nyumba ya kutunzia wazee. Bibi yule, mwenye miaka themanini na zaidi, aliposhika taa moja mkononi alinyamaza kitambo. Kisha akasimulia.

Tarehe 11 Novemba ni siku ya Mtakatifu Martin wa Tours. Alikuwa askari wa Kirumi, ambaye husimuliwa kwamba siku moja ya baridi alimkuta maskini yu uchi langoni mwa mji. Alichomoa upanga, si wa kumpigia mtu, bali kulikata joho lake vipande viwili, akampa maskini kipande kimoja. Katika kuikumbuka siku hiyo watoto wa Ujerumani hutembea gizani wakiimba na taa mikononi. Na katika sehemu zile hugawana mikate mitamu yenye umbo la mwezi mwandamo, kila mmoja nusu na mwenziwe. Katika mji wetu desturi hiyo ilikufa pamoja na shule. Hakuna mtu aliyeiua. Watoto walipungua, mwaka mmoja ukapita, halafu wa pili, na taa zikaingia sandukuni.

Vijana walitoka kwa bibi yule wakitembea upesi kuliko walivyokuja. Mmoja aliniambia, "Basi utatuongoza?" Nilimjibu kwamba mimi sijui njia, sijui nyimbo, tena baridi ya Novemba sijaipata kuiona. Nitabeba ngazi na kupanga viti. Walitazamana. Kisha walianza kugawana kazi.

Usidhani kwamba mambo yalikwenda kama maji mteremkoni. Ulipoitishwa mkutano wa wazazi, chumba kilijaa manung'uniko. Watu wengine wa mji walisema desturi ile ni yao, na haifai ichanganywe na watoto waliokuja juzi. Wakasema pia kwamba haina maana ifufuliwe na mtu aliyetoka Afrika. Wageni nao walikuwa na hofu yao. Mama mmoja wa Syria aliuliza kwa mkalimani kama mwanawe atatakiwa kufanya ibada isiyo ya dini yake. Kama kila upande ungalishika neno lake, taa zingalirudi sandukuni, na kimya kile nilichokutaja kingalipata msumari mwingine.

Nilikuwa na hotuba moyoni, lakini niliimeza. Mgeni akiwahukumu wenyeji katika baraza yao, hata akisema kweli, kweli yake huwa ni ya mgeni. Aliyesimama alikuwa kijana wa mji ule, wa miaka kumi na saba, mchache wa maneno, ambaye kazi yake ilikuwa kuzitengeneza taa zilizochanika. Alisema, "Tuna taa arobaini, na watoto wetu ni kumi na mmoja. Mnataka tuwatoe wapi wengine?" Watu walinyamaza. Kisha akamgeukia yule mama akasema, "Mwanao atatakiwa kubeba taa, na kuangalia asiichome nguo ya mwenziwe. Hatutamtaka jambo jingine." Mama alicheka kabla mkalimani hajamaliza, na wengine nao wakacheka.

Si wote walioridhika. Watu wawili watatu walitoka, na jioni yenyewe hawakuja. Sisemi hivi kwa kuwalaumu. Nasema ili ujue kwamba kazi ya kuunganisha watu haina siku ambayo wote hukubali, na mtu angojaye siku hiyo hatawasha taa hata moja.

Tarehe 11 Novemba 2016 ilikuwa Ijumaa. Huko, katika mwezi huo, jua hutua mapema sana, na kufikia saa kumi na moja za jioni giza lilikuwa limekwisha kushika. Tulianzia mbele ya shule iliyofungwa. Mbele alitembea yule kijana mchache wa maneno, na nyuma yake watoto thelathini na mmoja, wengine wakiimba, wengine wakifuatisha sauti bila maneno. Mimi nilikuwa mkiani na ndoo ya maji, kwa ajili ya moto. Tulipofika penye nyumba ya wazee, madirisha yote yalikuwa wazi ijapokuwa baridi ilikuwa ya kukata masikio. Watoto waliimba ubeti wa kwanza, wakakwama, kwa kuwa ubeti wa pili hakuna aliyeujua. Hapo sauti nyembamba ilitoka dirishani ikauanza. Ilikuwa sauti ya bibi yule. Wazee wengine wakaipokea, na watoto wakajifunza ubeti wa pili wakiwa wamesimama pale pale gizani. Kisha mikate ikakatwa nusu kwa nusu. Nilimwona mzee seremala akimpa nusu yake kijana wa Halab, naye yule kijana akimpa nusu ya wake, hata kila mmoja akawa na mkate mzima tena.

Mwaka wangu ulikwisha Agosti 2017, nikarudi nyumbani. Mwezi wa Novemba nilipokea barua ya vijana wale. Walieleza kwamba taa arobaini hazikutosha, wakatengeneza nyingine, na kwamba ubeti wa tatu sasa unajulikana. Niliisoma mara mbili nikilitafuta jina langu katika habari za shughuli ile, nisilione. Hakuna barua iliyonifurahisha kuliko hiyo. Mjenzi wa nyumba hupenda jina lake liandikwe mlangoni, lakini mjitoleaji hujua kwamba amejenga vema siku ile nyumba inaposimama na jina lake limesahauliwa.

Niliporejea Malindi nilikuta macho yangu hayajarudi kama yalivyokwenda. Nilizoea kupita chini ya mwembe pasipo kuwahesabu wacheza bao. Sasa niliwahesabu, nikaona wote wana mvi. Nikauliza vijana wa kwetu swali lile lile nililouliza ghalani: hiki ni cha nini, na nani anajua? Basi ugeni wangu uliwafaa watu wa Saale kwa mwaka mmoja, lakini mimi mwenyewe utanifaa maisha yangu yote.

Wewe usomaye maneno haya huenda siku moja ukaitwa na kazi kama hiyo. Nina wasia mfupi kwako. Jifunze lugha ya watu kabla ya kuwafundisha yako. Shika fagio kabla ya kushika kipaza sauti. Uliza kwanza watu wana nini, ndipo uulize wamekosa nini, kwa kuwa aulizaye upungufu tu huonyeshwa upungufu tu. Na ikifika siku ya sherehe, taa ya mbele mwachie mwenyeji, wewe chukua ndoo ya maji.

Wala usingoje kuvuka bahari. Kenya ina makabila zaidi ya arobaini, na ugenini kwaweza kuwa safari ya siku moja kwa basi. Kijana wa Kisumu ni mgeni Wajir, wa Lamu ni mgeni Nyeri, na kila mahali pana sanduku lililosahauliwa ghalani. Taifa letu lilichagua neno Harambee liwe wito wake, na wito huo haukusema nani abebe upande gani wa mzigo. Ulitaka tu mabega yawe pamoja. Nenda basi, ukiwa na macho mazuri na ulimi wa adabu. Uliza. Kisha ngoja mwenyeji ajibu, hata akikawia.